Utumbo wa Lyon na Sufuria la Mama

Yapo maneno mafupi ambayo mtu huyatamka mara moja kisha akayabeba miaka mingi. Langu ni "hapana." Nililitamka jioni moja ya baridi mwaka 2009, katika mkahawa mdogo wa mjini Lyon, Ufaransa, mbele ya profesa aliyekuwa akisimamia sehemu ya utafiti wangu wa uzamivu.

Mikahawa ya aina ile huko Lyon huitwa bouchon. Ni vyumba vidogo, meza zimebanana, na divai huletwa katika chupa nene yenye kitako kizito. Profesa aliagiza chakula bila kutazama orodha, nami kwa woga wa ugeni nikaomba niletewe hicho hicho. Kikaja kipande kipana cha rangi ya dhahabu, kimeviringishwa katika chenga za mkate na kukaangwa, kando yake viazi vya kuchemsha na mchuzi mzito wa mayai na haradali. Jina lake ni tablier de sapeur, yaani aproni ya askari mhandisi, kwa kuwa askari wa kikosi hicho walivaa aproni ya ngozi kazini. Nilipokata kipande na kukitia kinywani, ulimi ulitambua kabla ya akili. Ulikuwa utumbo, ile sehemu ya tumbo la ng'ombe yenye vijumba mfano wa sega la nyuki.

Profesa akaniuliza kwa upole, "Je, kwenu mnakula kitu kama hiki?"

Nikajibu, "Hapana."

Ndugu msomaji, mama yangu alinisomesha kwa utumbo. Alikuwa mama ntilie karibu na stendi ya mabasi, katika mji mmoja wa kaskazini mwa Tanzania. Saa kumi alfajiri alikuwa tayari ameinama juu ya beseni, akiukwangua utumbo kwa kisu baada ya kuumwagia maji ya moto, akiusuuza mara ya tatu na ya nne, akiutia chumvi, ndimu na tangawizi. Kufikia saa kumi na mbili supu ilikuwa inatoka mvuke, na wateja wamekaa kwenye mabenchi: makondakta, makuli, walimu, na watumishi wa serikali waliopita kabla ya kufungua ofisi. Sisi watoto tulizijua sehemu zote za tumbo la ng'ombe kabla ya kuzijua herufi zote za alfabeti. Tulijua ipi ni taulo na ipi ni kitabu. Shuleni nako wenzangu walijua harufu ya sare yangu, na walinipa jina ambalo sitaliandika hapa. Neno "hapana" la Lyon lilizaliwa katika darasa lile, likasafiri nami hadi Ulaya.

Kilichonisumbua baadaye ni kwamba profesa hakuniuliza kwa dharau. Yeye alikuwa akijivunia. Msomi mwenye cheo kikubwa alinialika kula utumbo kama mtu anayemwonyesha mgeni kanisa kuu la mji wake. Nikaanza kujiuliza: imekuwaje chakula kilichonifanya nimkane mama, kwao kiwe sababu ya kujisifu? Nilianza kusoma na kuuliza, na nilichokikuta kimeshika nafasi katika fikra zangu hadi leo.

Kwanza, Wafaransa hawakuanza jana kula nyama za ndani. Wachinjaji wao huugawa mzoga wa mnyama katika robo nne, kisha vyote vinavyobaki nje ya robo hizo, yaani kichwa, miguu, ulimi, maini, figo, moyo na matumbo, huviita robo ya tano. Robo hiyo ina wauzaji wake maalumu, nayo ina mgawanyo wake: nyama za ndani nyekundu, kama maini, figo na moyo, ambazo huuzwa zikiwa mbichi, na nyama za ndani nyeupe, kama matumbo na miguu, ambazo hupitishwa katika maji ya moto na kusafishwa kabla ya kufika buchani. Katika soko kuu la Rungis, lililochukua nafasi ya soko la kale la katikati ya Paris mwaka 1969, biashara hii ina jengo lake. Katika fasihi ina heshima ya muda mrefu zaidi. Daktari François Rabelais, aliyeajiriwa katika hospitali ya Lyon mwaka 1532, alianza hadithi ya jitu lake Gargantua kwa karamu ya utumbo: mama wa jitu anakula utumbo kupita kiasi, kisha anashikwa na uchungu wa kuzaa.

Pili, upishi wenyewe ni kazi ya subira. Mjini Caen, katika jimbo la Normandie, sehemu zote nne za tumbo la ng'ombe hutiwa katika chungu pamoja na kongoro, vitunguu, karoti, pombe ya tufaha na kiasi cha Calvados. Mfuniko huzibwa kwa unga uliokandwa ili mvuke usitoke, na chungu hukaa katika moto mdogo kwa saa kumi au zaidi, mpaka utomvu wa kongoro uufanye mchuzi uwe mzito wenyewe. Lyon wao hukata utumbo vipande vyembamba na kuukaanga kwa vitunguu vingi, kisha huumalizia kwa siki na majani ya kotimiri ya kizungu. Maini ya ndama hupata vitunguu na siki vilevile. Figo, kinyume chake, huhitaji haraka: siagi, moto mkali, haradali ya Dijon, kisha mezani kabla hazijakakamaa. Halafu ipo ris de veau, tezi iliyo chini ya shingo ya ndama, ambayo husinyaa kadiri mnyama anavyokua. Hulowekwa kwa saa kadhaa katika maji baridi ili damu iishe, huchemshwa kidogo, humenywa utando, hugandamizwa chini ya kitu kizito, ndipo hukaangwa kwa siagi hadi iwe kahawia. Nilipoyasoma maelekezo hayo nilimwona mama. Kuloweka, kumenya, kusuuza, kungoja: hizo ni kanuni za jikoni kwake, bila siagi.

Tatu, na hapa ndipo lilipo jambo lenyewe, chakula hiki kilikuwa cha wanyonge. Lyon ilikuwa mji wa hariri. Wafumaji wake, walioitwa canuts, waliishi na kufanya kazi katika mlima wa Croix-Rousse, katika nyumba zenye dari ndefu ili mashine za kufumia za Jacquard zipate nafasi. Waliamka gizani. Ilipofika katikati ya asubuhi walikuwa wamekwisha kufanya kazi ya saa nyingi, wakakaa kula mlo mzito uitwao mâchon: nyama za ndani, soseji, mkate na divai. Steki ilikwenda kwa aliyeivaa hariri. Utumbo ulibaki kwa aliyeifuma. Wateja wa benchi la mama yangu wangeielewa mantiki ya mlo huo bila kufafanuliwa.

Mwaka 1831 wafumaji hao walidai kiwango cha chini cha malipo. Mkuu wa mkoa alisimamia makubaliano, lakini baadhi ya wafanyabiashara wakayakataa. Mwezi Novemba wafumaji waliteremka mlimani na kuutwaa mji. Mapema Desemba jeshi liliingia, na makubaliano yakafutwa. Mwezi Aprili 1834 waliinuka tena, na safari hiyo walizimwa kwa damu. Leo mgeni anayefika Lyon huonyeshwa njia walizopitia, kisha hupelekwa kula chakula chao. Upo hata mlo mmoja wa jibini laini lililochanganywa na vitunguu na majani, unaoitwa cervelle de canut, yaani ubongo wa mfumaji. Wapo wanaosema jina hilo ni dhihaka ya matajiri waliowaona wafumaji kuwa watu wasio na akili. Wapo wanaosema mfumaji aliyekosa fedha ya kununua ubongo wa mwanakondoo alijifariji kwa jibini. Vyovyote iwavyo, aliyekuwa akidhihakiwa hayupo, na jina lake linauzwa.

Basi heshima ilitoka wapi? Haikushuka kutoka mbinguni, wala haikuletwa na ladha peke yake. Naona milango mitatu.

Mlango wa kwanza ni siasa. Wafaransa wa mrengo wa jamhuri wana desturi ya kukusanyika kila tarehe 21 Januari na kula kichwa cha ndama, kukumbuka siku aliyokatwa kichwa Mfalme Louis XVI mwaka 1793. Rais Jacques Chirac alijulikana nchi nzima kwa mapenzi yake kwa kichwa cha ndama, na mapenzi hayo hayakumpunguzia kura. Édouard Herriot, aliyekuwa mwalimu wa fasihi kabla ya kuwa meya wa Lyon kuanzia mwaka 1905 na waziri mkuu mara tatu, husimuliwa kuwa alisema siasa ni kama andouillette, ile soseji ya matumbo: sharti inuke kidogo harufu ya kinyesi, ila isizidi. Uwe ulisemwa naye au umebandikwa kwake, msemo huo unatuonyesha kiongozi aliyejua ni kitu gani wananchi wake wanakula, na hakuona haya kukitaja.

Mlango wa pili ni wanawake wapishi. Lyon huwaita mères, yaani akina mama. Wengi wao walikuwa wapishi katika nyumba za matajiri. Walipoacha au kuachishwa kazi walifungua vibanda na mikahawa yao. Aliyevuma kuliko wote ni Eugénie Brazier, aliyezaliwa mwaka 1895 katika familia ya wakulima, akafiwa na mama yake akiwa na miaka kumi, akatumikishwa mashambani, kisha akaja mjini kuwa mtumishi wa ndani akiwa na mtoto aliyemzaa nje ya ndoa. Mwaka 1921 alifungua mkahawa wake kwa mtaji mdogo. Mwaka 1933 akawa miongoni mwa wanawake wa kwanza kupata nyota tatu za kitabu cha Michelin, tena kwa mikahawa miwili kwa wakati mmoja. Kweli, yeye alisifika zaidi kwa kuku na kwa vitovu vya artichoki vyenye maini ya bata kuliko kwa utumbo. Lakini mji uliozoea kumwita mpishi "mama," na wanaume wakubwa wakapanga foleni mlangoni kwake, haukuona tabu kuukaribisha utumbo mezani. Paul Bocuse, mpishi aliyekuja kujulikana duniani kote, alijifunza kazi jikoni kwa mama huyo.

Mlango wa tatu ni dola, na hapa nawaomba watumishi wa umma wanisikilize kwa makini. Mwezi Machi 1996 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe huenda unaambukiza binadamu. Hofu ilienea Ulaya nzima, na zilizohofiwa hasa zilikuwa nyama za ndani. Ubongo na uti wa mgongo wa ng'ombe viliondolewa sokoni. Mwaka 2000 marufuku iliongezwa, ikayakumba matumbo ya ng'ombe na, kwa muda, hata ile tezi ya ndama. Nilipokuwa Lyon, andouillette ya asili ya mji ule, inayotengenezwa kwa utando wa matumbo ya ndama, ilikuwa bado marufuku. Iliyouzwa ilikuwa ya nguruwe. Ruhusa ilirudi mwaka 2015. Angalia kilichofanyika: dola ilipiga marufuku kiungo, ikataja sababu, ikamfuata mnyama shambani na machinjioni, na sayansi iliporuhusu, ikaregeza. Haikumwaga chungu cha mpishi.

Sufuria la mama yangu lilimwagwa mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa darasa la sita, nimesimama kando nikiwa na sahani za kuosha. Askari wa mji walisema ni operesheni ya usafi. Walilipindua kwa mguu, supu ikatiririka hadi mtaroni, kisha wakalitupa sufuria ndani ya gari. Hakuna aliyeukagua utumbo kuona kama ni msafi au mchafu. Mmoja wa waliokuja siku ile alikuwa mteja. Nilimkumbuka kwa sababu alipenda kuongezewa ndimu. Wiki tatu mama hakupika, na nilirudishwa nyumbani kwa kukosa ada.

Mwezi Novemba 2010, nikiwa bado Lyon, kamati ya UNESCO iliutambua mlo wa Wafaransa kuwa urithi wa utamaduni wa binadamu. Magazeti yalishangilia. Nilipofika aya ya pili nikaona mahali uamuzi ulipofanyika: Nairobi. Wajumbe wa mataifa walikuwa wameketi mwendo wa saa chache wa basi kutoka kwenye benchi la mama yangu, wakithibitisha kwamba namna ya kupika, kupanga meza na kula pamoja inaweza kuwa hazina ya dunia. Sina kinyongo na uamuzi ule, Wafaransa walistahili. Lakini usiku ule nilishindwa kulala, na asubuhi nilikwenda ofisini kwa profesa nikamwambia kwamba mwaka uliopita nilimdanganya. Nilimweleza yote: beseni, benchi, na sufuria.

Alinyamaza kidogo. Kisha akaniambia kwamba bibi yake alitoka katika familia ya wafumaji wa Croix-Rousse, na kwamba nyumbani kwao utumbo ulipikwa madirisha yakiwa yamefungwa ili majirani wasisikie harufu. Mama yake hakuwahi kuupika mgeni akiwapo. "Mimi ni wa kwanza kuula hadharani," alisema. Kumbe fahari niliyoiona mezani ilikuwa na umri wa kizazi kimoja tu, na chini yake kulikuwa na aibu kama yangu.

Jioni nilimpigia mama simu. Nilimwambia nimekula utumbo Ulaya, mkahawani, kwa yuro kama 14. Alicheka sana. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Walikuwa wameuosha vizuri?" Nikamwambia umeoshwa vizuri sana. La pili, "Huyo mpishi anapikia wapi?" Nikamjibu, ndani, Mama, ana jiko, ana bomba la maji, ana mlango wa kufunga. Akasema, "Basi huyo anaweza kuuosha vizuri." Hakusema zaidi. Neno "hapana" nilimficha. Nilimwambia miaka miwili baadaye, uso kwa uso, naye alinisamehe upesi kuliko nilivyojisamehe.

Sitaki kueleweka vibaya. Sisemi tuige Ufaransa. Heshima waliyoipa nyama za ndani ina kasoro yake: ris de veau leo huuzwa ghali kuliko vipande vingi vya steki, na Croix-Rousse ni mtaa ambao mfumaji wa 1831 asingeweza kulipa kodi yake. Chakula kilipanda ngazi, lakini aliyekipika kwanza aliachwa chini. Tukiukweza utumbo wetu kwa kuuweka hotelini chini ya jina la kigeni, huku mama ntilie akiendelea kufukuzwa barabarani, tutakuwa tumerudia dhihaka ileile ya "ubongo wa mfumaji." Heshima ya chakula huanza kwa heshima ya mikono inayokipika.

Tumepiga hatua fulani. Vitambulisho vya wajasiriamali wadogo, vilivyoanza kutolewa Desemba 2018 kwa shilingi 20,000, viliwapa wengi ahueni. Lakini kitambulisho hakioshi utumbo. Maji ndiyo yanayoosha. Halmashauri inayokusanya ushuru kwa mama ntilie inadaiwa bomba, sakafu inayosafishika, mtaro uliofunikwa, na bwana afya anayekuja na kipimo badala ya rungu. Mkaguzi akikuta utumbo mchafu, aukatae na aeleze sababu. Akiukuta msafi, aseme hivyo kwa sauti ileile.

Kwa wanafunzi wangu, nina ombi dogo zaidi. Wengi wenu mtakwenda mbali, na siku moja mtaulizwa mezani mnakula nini kwenu. Msijibu haraka. Mkumbukeni aliyeamka saa kumi.

Na kwako mtumishi mwenzangu, unayekunywa supu benchini saa moja asubuhi na saa nne ukaletewa mezani karatasi ya operesheni ya kuliondoa benchi hilo: kabla ya kutia saini, jiulize kesho utakunywa wapi, na aliyekupikia atasomesha kwa nini.